Tao la St. Louis, Lango Lisilo na Ukuta

Jua lilikuwa limeanza kututazama usoni, kwa kuwa barabara ile itokayo Ohio inakwenda magharibi moja kwa moja kama uzi uliovutwa na mwashi, na mashamba ya mahindi ya Illinois yalikuwa yametuchosha macho kwa usawa wake, ndipo mpwa wangu, mtoto wa miaka saba aliyekuwa ameegemeza paji la uso kiooni tangu adhuhuri, aliponyosha kidole akasema, "Mjomba, tazama kule! Kuna kikapu kimefukiwa, umebaki mkono wake." Nilitazama nisione kitu. Nikatazama tena, na kweli, mbali juu ya miti, palikuwa na uzi mwembamba wa rangi ya fedha uliopinda, ukitokea na kupotea kila barabara ilipopanda na kushuka. Nami, niliyekuwa nimesoma habari zake tangu ujanani na kuona picha zake zisizo idadi, nakiri kwamba sijapata kusikia wasifu unaokifaa kitu kile kuliko huo wa mtoto.

Kitu chenyewe ni tao la mji wa St. Louis, katika jimbo la Missouri, ambalo Wamarekani huliita Gateway Arch, yaani tao la lango. Kimo chake ni futi 630, ambazo ni mita 192, na nafasi iliyoko baina ya miguu yake miwili, ukiipima chini ardhini, ni futi 630 vilevile, ingawa jicho hukataa katakata kusadiki, na kila alitazamaye huwa tayari kuapa kwamba ni refu kuliko lilivyo pana. Hakuna tao duniani linalolipita kwa kimo. Sisi tuliozaliwa Mombasa, tukapita chini ya mapembe ya Barabara ya Moi kila tulipotumwa mjini, tuna kiburi kidogo katika mambo ya malango, na nilikwenda nikiwa nimejiandaa kulipunguza makuu tao la watu. Lakini hadi tulipoufikia ukingo wa mto, kiburi changu kilikuwa kimebaki nyuma, mahali fulani katika yale mashamba ya mahindi.

Kabla sijaendelea, yafaa nieleze chombo tulichosafiria, kwa kuwa wasomaji wengi hawajapata kukiona, na kwa kuwa ndicho kilichotuamulia namna ya kuuingia mji. Ni gari-nyumba: mbele ni lori dogo, nyuma ni chumba chenye kitanda cha wakubwa, vitanda vya watoto vilivyotundikwa juu ya usukani, jiko la gesi la mafiga mawili, jokofu, meza igeukayo kitanda usiku, na choo ambacho mtu mnene huingia kinyumenyume. Chini ya sakafu mna matangi matatu: la maji safi, la maji yaliyoogewa na kuoshewa vyombo, na la yale ambayo adabu yanikataza kuyataja, ila nitasema tu kwamba kuyamwaga, kila baada ya siku mbili tatu, katika shimo lililowekwa kambini kwa kazi hiyo, kulikuwa ni fungu langu mimi mgeni, na shemeji yangu hakuona haya hata kidogo kunigawia. Yeye ni dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa Lamu aliyehamia Columbus miaka mingi iliyopita na kumwoa dada yangu huko, na kwake usukani ni kama mimbari, hauguswi na asiyestahiki. Alikuwa amebandika kwenye kioo cha mbele, kwa hati kubwa, karatasi yenye maneno haya: FUTI 11 NA INCHI 9. Hicho ndicho kimo cha gari letu, na kila tulipokaribia daraja la kupita chini yake, au hata bango la kituo cha mafuta, alinyamaza, akaitazama karatasi, akalitazama daraja, akasema "Bismillahi", akapita.

Kwa hivyo gari-nyumba na mji wa kale haviafikiani asilani. Maegesho ya ghorofa huyakataa magari hayo kwa kimo, vichochoro huyakataa kwa urefu, na askari wa barabarani huyakataa kwa jumla. Wenye uzoefu hufanya kama sisi tulivyofanya: hawauingii mji, bali hupiga kambi nje yake na kuuingia kwa miguu au kwa treni. Upande wa mashariki wa mto Mississippi, katika mji mdogo wa East St. Louis, ipo kambi ya magari ya namna hii inayoutazama mji mkubwa ng'ambo, na hapo ndipo tulipoegesha, tukaunganisha waya wa umeme na mpira wa maji, tukafungua dirisha, na tao likawa limejaa dirishani kama picha iliyotundikwa ukutani.

Usiku ule, baada ya wali wa nazi ambao dada alikuwa ameupika kwa nazi ya mkebe huku akiomba radhi kwa kila kijiko, shemeji aliuliza swali ambalo nadhani kila mwenye akili lazima aliulize: "Lile dude linasimamaje? Halina nguzo katikati, halina kamba, na upepo wa mabonde haya ninaujua mimi, umepata kunilazia lori." Nikamwomba dada mkufu wake wa dhahabu, ule aliotunzwa siku ya harusi. Nikaushika ncha mbili, nikauacha uning'inie mbele ya taa. Lakini mkufu ule ulikuwa na kidani, na kidani kwa uzito wake kikauvuta katikati ukafanya ncha, haukupinda kwa ulaini. Basi nikakivua kidani, nikakitia mfukoni, nikaushika tena, na mara hii ukatulia katika mpindo mzuri usio na kona.

Mkufu unaoning'inia haujui kazi nyingine ila kuvutwa. Kila pingili inavutwa na jirani yake wa juu na jirani yake wa chini, katika mstari uleule ambao mkufu umeshika, wala hakuna nguvu inayotaka kuupinda kwa upande. Sasa tuseme mkufu huo ugande ukiwa umbo lile, kisha tuugeuze juu chini: kuvutwa kote kunageuka kuwa kusukumwa, na kila kipande kinamsukuma jirani yake kwa mstari uleule hadi uzito wote ufike ardhini, bila ya mahali popote panapotamani kupasuka au kuanguka nje. Mwingereza Robert Hooke alikwisha kulijua jambo hilo katika karne ya 17, na kwa choyo ya wataalamu wa zama zile alilichapisha kwa herufi zilizovurugwa, ili asije mwenziwe akamwibia. Aliyelichora tao la St. Louis alitaka miguu iwe minene na kilele kiwe chembamba, na kwa sababu hiyo mkufu wake si mkufu wa sawasawa kama wa dada yangu, bali ni wa pingili nzito kwenye ncha zinazozidi kuwa nyepesi kuelekea katikati. Tulikuwa tumekwisha kuona kwa kidani jinsi uzito unavyolibadili umbo. Shemeji akatikisa kichwa, akasema amefahamu, lakini yeye bado asingeegesha chini yake.

Asubuhi tukavuka kwa treni ya mjini, nayo hupita juu ya daraja ambalo peke yake lingetosha kuwa sababu ya safari. Ni Daraja la Eads, lililofunguliwa mwaka 1874, lenye matao matatu ya chuma cha pua wakati ambapo wahandisi wengi walikuwa hawajathubutu kukiamini chuma hicho kwa kazi kubwa namna ile. James Eads, aliyelijenga, hakuwa amepata kujenga daraja lolote maishani. Ujuzi wake ulikuwa wa kuzamia mtoni na kuokoa mali za vyombo vilivyozama, na alikuwa akiujua mchanga wa sakafu ya Mississippi kama mvuvi anavyoujua mwamba wake. Ili misingi iufikie mwamba ilibidi watu washushwe chini ya mto katika vyumba vilivyojazwa hewa ya kushindiliwa, na walipotoka kwa haraka maradhi yaliwavamia viungoni, maradhi ambayo siku hizi kila mzamiaji huonywa juu yake na ambayo wakati ule hakuna aliyeyafahamu sawasawa. Zaidi ya watu kumi wakafa. Daraja lilipokamilika, raia waliogopa kulikanyaga. Ikaletwa hila ya ajabu: akatolewa tembo, akatangulizwa juu ya daraja mbele ya umati wa watu, kwa itikadi iliyoenea ya kwamba mnyama huyo hakanyagi mahali pasipomchukua. Tembo akavuka, na watu wakavuka. Nilipowasimulia wenzangu kisa hicho ndani ya behewa, mpwa wangu alitaka kujua tembo alilipwa nini.

Kutoka kituoni ni mwendo mfupi chini ya miti hadi kwenye mguu wa kaskazini. Nilikuwa nimelitazama tao kwa saa nyingi tangu jana, na kwa mbali lilikuwa uzi, wino wa mwandishi, kitu kisicho na mwili. Kumbe kwa karibu ni ukuta. Kila mguu, pale unapotoka ardhini, ni pembetatu yenye upana wa futi 54 kila upande, na unapopanda huzidi kukonda hadi kileleni, ambapo kila upande ni futi 17 tu. Ngozi yake ni chuma kisichoshika kutu, bamba kwa bamba, na maungio yake yanaonekana kama mishono ya kanzu. Nikaweka kiganja. Upande unaoutazama mto ulikuwa umekwisha kupata jua la asubuhi, nao ulikuwa na uvuguvugu. Nilipozunguka ncha ya pembetatu na kugusa upande unaoutazama mji, ulikuwa baridi kama mtungi. Hadi kimo cha mkono wa mtu, chuma kile kizuri kimejaa majina yaliyokwaruzwa kwa funguo na misumari, wapenzi kwa wapenzi, mwaka kwa mwaka. Nililitafuta jina la mtu wa kwetu nisilione, nikashukuru.

Aliyelichora ni Eero Saarinen, mzaliwa wa Finland aliyelelewa Marekani, naye ni mtoto wa Eliel Saarinen, msanifu majengo aliyekuwa wakati ule na sifa kubwa kuliko mwanawe. Mashindano ya kutafuta ukumbusho huo yalipotangazwa mwaka 1947, baba na mwana walishiriki kila mmoja kwa kazi yake. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo ikafika simu ya maandishi kumpongeza Eliel kwa kuchaguliwa miongoni mwa watakaoendelea na duru ya pili; nyumba nzima ikafanya furaha, mwana akampa baba mkono. Baada ya saa chache ikaja habari nyingine kwamba karani amekosea jina, na aliyechaguliwa ni Eero. Baba, kwa mujibu wa wasimulizi, akaagiza furaha ianze upya. Wengi hukisimulia kisa hicho kama kichekesho, lakini mimi humfikiria mzee yule katika dakika moja ile kabla hajaagiza. Eero alishinda duru ya mwisho pia, lakini hakuiona kazi yake imesimama: aliaga dunia mwaka 1961, na ujenzi ukaanza 1963.

Ujenzi huo ulisubiriwa muda mrefu sana, na hapa ndipo nilipokuwa na ugomvi na wenye mji. Wazo la kuujenga ukumbusho wa safari za kwenda magharibi lilitolewa mwaka 1933 na wakili wa mjini hapo, Luther Ely Smith, katika miaka ya dhiki ambapo kazi yoyote ilikuwa neema. Kuanzia mwaka 1939 wakabomoa majengo ya ukingo wa mto, mitaa ipatayo 40, maghala ya manyoya na nyumba za biashara, katika ardhi ileile ambayo Wafaransa waliuanzishia mji mwaka 1764. Likabaki kanisa moja la kale la mwaka 1834. Kisha vita vikaja, fedha zikakosekana, na ardhi ile ikakaa kwa miaka zaidi ya ishirini ikiwa uwanja wa kuegesha magari. Yaani wakauondoa mji uliowapokea wasafiri ili kupata nafasi ya kuwakumbuka wasafiri. Najua kwamba majengo mengi yalikuwa machakavu, na najua kwamba tao ni zuri kuliko ghala lolote. Hata hivyo mtu aliyekulia karibu na Mji wa Kale wa Mombasa, aliyezoea kuona wazee wakigombania baraza moja ya mawe isivunjwe, hawezi kuupita uwanja ule wa nyasi bila kuuliza nani alikaa hapa.

Ujenzi wenyewe ulikuwa wa hatari na wa hesabu kali. Miguu miwili ilipandishwa mbalimbali, kila mmoja ukiwa na kreni iliyotambaa juu ya mgongo wake, na kosa la unywele pale chini lingeleta kosa la dhiraa kule juu, kwa hivyo vipimo vilichukuliwa usiku, jua lisije likakivimbisha chuma na kumdanganya mpimaji. Makampuni ya bima yalikisia kwamba watu 13 watakufa. Hakufa hata mmoja. Tarehe 28 Oktoba 1965 kilibaki kipande kimoja, kile cha kilele, na joto la jua lilikuwa limeurefusha mguu wa kusini. Wazima-moto wakaunyeshea maji kwa mipira yao hadi ukanywea, mashine zikaisukuma miguu iachane, na kipande kikaingia mahali pake.

Zaidi ya mwaka kabla ya siku hiyo, tarehe 14 Julai 1964, vijana wawili, Percy Green aliyekuwa mweusi na Richard Daly aliyekuwa mweupe, waliupanda mguu wa kaskazini kwa ngazi ya wajenzi hadi kimo cha futi 125, wakakaa huko kwa saa kadhaa huku askari wakiwasubiri chini. Malalamiko yao yalikuwa mepesi kueleweka: kazi ile ililipiwa na fedha za serikali, ambazo ni fedha za raia wote, nao mafundi weusi hawakupewa kazi za ustadi. Nilisimama pale nikahesabu mabamba hadi kimo nilichokikisia kuwa ndicho. Ni mbali kutoka ardhini, na bado si hata robo ya tao.

Kupanda ndani hufanywa kwa chombo ambacho sijakiona popote pengine. Tao limepinda, na lifti ya kawaida haijui kupinda. Wahandisi wa lifti walikuwa wamekwisha kuombwa wakashindwa, hadi Saarinen alipomwendea Dick Bowser, mtu ambaye hakuwa amekamilisha masomo ya chuo, aliyejua kuunda lifti za kupandishia magari, akampa wiki mbili tu. Bowser akaleta treni ya vyumba vinane vya mviringo, mfano wa mapipa, kila kimoja cha watu watano, vinavyopanda vikifuatana huku kila kimoja kikijizungusha ili abiria wabaki wima, kama viti vya gurudumu la maonyesho. Ya kwanza ilianza kuchukua watu mwaka 1967, nayo ndiyo inayochukua watu hadi leo. Mlango una kimo cha futi 4. Tukainama, tukaingia: dada, mwanawe, mimi, mgeni mmoja mzee aliyekuwa peke yake, na mwisho shemeji, ambaye alipokaa sote tulisogea bila kuombwa. Magoti yaligusana. Kila baada ya sekunde chache chumba kilitoa mlio, tak, tak, kikajisawazisha, na kupitia kioo cha mlangoni tukaziona ngazi za dharura, zilizo 1,076, zikipita katika mwanga hafifu kama mbavu za jahazi. Safari ni dakika 4. Mgeni wetu alitabasamu muda wote, na shemeji alisoma kimoyomoyo, midomo ikimcheza.

Huko juu ni ukumbi mwembamba ulioinuka katikati kama mgongo wa ngamia, na madirisha yake ni madogo, marefu kwa upande lakini kimo chake hakizidi shubiri. Hayakuwekwa madogo kwa ubahili, bali kwa kuwa miguu hiyo miwili inasukumana kwa nguvu kubwa na ukuta haukubali kutobolewa sana. Ili kutazama unalala kifudifudi juu ya ukuta ulioinama, tumbo juu ya zulia, na dunia yote inakuwa chini ya pua yako. Mpwa wangu aliniuliza kama tunayumba. Nikamwambia, kama nilivyosoma, kwamba katika upepo wa tufani tao linaweza kwenda na kurudi hata inchi 18 bila madhara. Baba yake akanitazama kwa jicho la kunisihi nisiongeze.

Dirisha la mashariki lina mto, wenye rangi ya chai ya maziwa, na tishari zilizofungwa pamoja safu kwa safu zikisukumwa na meli moja. Tuliliona gari letu kambini, jeupe, dogo kama kidonge. Dirisha la magharibi lina mji, na katikati kabisa, kana kwamba tao limepimwa kwa ajili yake, kuna kuba la rangi ya kijani la Mahakama ya Kale. Baada ya kushuka tulikwenda kuliona. Ndani ya jengo hilo, mwaka 1847 na tena mwaka 1850, ilisikilizwa kesi ya mtumwa Dred Scott, aliyedai uhuru pamoja na mkewe Harriet kwa hoja ya kwamba bwana wao aliwakalisha katika nchi ambamo utumwa umeharamishwa. Mara ya pili wazee wa baraza wakawapa uhuru. Mahakama ya juu ya jimbo ikautangua, kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1857 majaji wengi wakahukumu kwamba mtu mweusi, awe mtumwa au huru, hawezi kuwa raia wa nchi ile. Hukumu hiyo iliisukuma Marekani karibu zaidi na vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe. Dred Scott aliachwa huru na mmiliki mpya katika mwaka huohuo, akafanya kazi ya kupokea mizigo hotelini, akafa mwaka uliofuata. Sanamu yake na ya mkewe zimesimama nje, wameshikana mikono, macho yao yakilielekea tao na mto, na ng'ambo ya mto ni Illinois, nchi ambayo haikuwa na watumwa.

Mwaka uleule wa hukumu, 1857, katika mwezi wa Juni, kwetu Afrika ya Mashariki, msafara wa Waingereza Burton na Speke ulikuwa ukiondoka Kaole, jirani na Bagamoyo, kuelekea Tabora na ziwa la Tanganyika, ukiwa na wapagazi, punda na askari wa Kibaluchi. Na ndani ya msafara ule alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, aliyetekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi, akarejea huru, na aliyekuja kusafiri barani Afrika mara nyingi kuliko wengi wa mabwana waliomwajiri. Nilimkumbuka katika makumbusho yaliyo chini ya tao, nilipofika kwenye habari za York. Msafara wa Lewis na Clark, ulioondoka karibu na hapo mwezi wa Mei 1804 kwenda kuitazama nchi ambayo Marekani ilikuwa imeinunua kwa Wafaransa mwaka uliotangulia, bila ya wenyeji wake kuulizwa na muuzaji wala mnunuzi, ulikuwa na mtu mmoja mweusi, York, mtumwa wa Clark. Alikwenda hadi bahari ya Pasifiki na kurudi, akawinda, akapiga makasia, akauguza wagonjwa. Wenzake walipewa mashamba na mshahara maradufu. Yeye hakupewa kitu, na alipoomba uhuru wake, bwana wake alimkatalia kwa muda mrefu. Kila pwani yenye lango la kuingilia bara ina Bombay wake na York wake, na tofauti ni nani ameandikiwa jina ukutani. Nafurahi kusema kwamba siku hizi York ameandikiwa.

Tulirudi ng'ambo jioni, tukatazama tao likigeuka rangi: likawa la shaba jua lilipozama, kisha la kijivu cha papa, kisha likawashwa kwa taa za chini. Asubuhi yake tukachomoa waya na mpira, nikafanya ile kazi yangu ya matangi, tukaondoka. Barabara ya magharibi siku hizi huvuka mto kwa daraja jingine, lililofunguliwa mwaka 2014 upande wa kaskazini, na tulipokuwa juu yake mpwa wangu aliliona tao likipita kushoto kwetu, mbali kidogo, likirudi nyuma.

"Kwani hatupiti langoni?" akauliza.

Baba yake aliitazama karatasi iliyobandikwa kiooni, akaguna. "Tangu Ohio," akasema, "ndilo lango la kwanza lisilonitisha kwa kimo, nalo halina barabara."

Dada akanyosha mkono kutoka nyuma, akanigusa bega. Alikuwa ameuvaa mkufu wake, na anataka kidani, ambacho tangu usiku wa juzi kilikuwa bado mfukoni mwangu.